Watu wa Nukta Tisa

Jumanne moja ya Novemba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Kabedi alipanda kwenye kiti cha plastiki akafuta paneli yake ya sola kwa soksi kuukuu. Paneli ilikuwa na ukubwa wa daftari la shule, na mvua ilikuwa imeirushia tope jekundu. Alipomaliza alishuka, akaingia sebuleni, akamwona mumewe anatembea kwenye kioo cha skrini kama kawaida, kutoka kushoto kwenda kulia, nukta tisa nyeusi juu ya kijivu.

Kabedi alifundisha kompyuta katika shule moja ya Likasi ambako umeme ulifika siku mbili kwa wiki, na wiki nyingine haukufika kabisa. Kwa hiyo aliwafundisha wanafunzi wake kuandika programu fupi. “Kila mustari inakula,” aliwaambia. “Usiite muntu ku meza kama hauna chakula yake.” Nyumbani alitengeneza picha zinazotembea kwa vitu vilivyotupwa na wengine: ubao wa mitambo kutoka dekoda iliyokufa, kioo cha mashine ya fotokopi kisichozidi bahasha. Yeye na wenzake sita wa Lubumbashi walikuwa wamekubaliana kwamba kazi yao yoyote isile umeme kuliko tochi ndogo.

Kazi hii aliianza Januari. Alimbandika mumewe Magloire vipande tisa vya plasta, kimoja kichwani, vingine viwikoni, viganjani, magotini na visiginoni, akamwambia atembee uani huku yeye akimpiga video kwa simu. Magloire alicheka sana. “Unanipima sanduku ya maiti, Kabedi?” Baadaye Kabedi aligeuza mwendo ule kuwa namba, na namba zikawa nukta.

Machi, Magloire alishuka na wenzake kumi na watatu kwenye shimo la madini karibu na Kamatanda, na udongo ukaanguka. Kesho yake tingatinga lilifunika mdomo wa shimo, kwa usalama. Kooperativa, ushirika uliosimamia machimbo, ilifungua daftari la getini ikaonyesha kwamba shimo lile lilifungwa tangu Februari, na shimo lililofungwa haliwezi kuwa na mtu ndani. Kwa hiyo hapakuwa na maiti. Bila maiti hapakuwa na cheti, na bila cheti hapakuwa na matanga. Kanisani padri alimtaja Magloire kwenye maombi ya wasafiri. Mama mzazi wa Magloire, Numbi, aliyeishi nao, aliacha kukaa chini. Alifagia ua asubuhi, adhuhuri na jioni, na ua ulipokuwa safi alikwenda kufagia wa jirani. Kabedi naye alianza kula akiwa amesimama.

Mawingu yalipozidi Novemba ile, Kabedi akaanza kupunguza mistari. Programu ilikuwa na mistari sitini. Aliifikisha arobaini, kisha kumi na tisa. Jumatano alifuta kwa makosa mstari ulioziamuru nukta zisogee. Magloire aliendelea kutembea. Kabedi alisoma programu mara mbili, akaona mstari haupo na mwendo upo, akaenda kazini. Aliporudi alimkuta mumewe ana gunia begani. Alhamisi alikuwa amefuatana na mtu wa pili, mfupi, mwenye haraka. Kufika Jumapili walikuwa kumi na wanne. Walikwenda hadi ukingoni mwa kioo, wakageuka, wakarudi, wakageuka tena. Hakuna aliyepumzika.

Jumatatu paneli iliibwa. Kioo hakikuzimika.

“Bale banazoea kutumika kazi bila kitu,” Numbi alisema, akatoka nje kufagia.

Kabedi aliwapelekea habari wanawake ambao waume au ndugu zao walishuka na Magloire. Rosalie, muuza mikate wa sokoni, alifika wa kwanza, unga ukiwa bado mikononi. Alisimama mbele ya kioo akiwafuata kwa kidole mmoja mmoja.

“Ule wa nyuma,” alisema. “Ni yeye, Samy yangu. Angalia vile anatupa mukono. Nilimwambia mara ngapi, tembea vizuri, utapiga bantu.”

“Uko na hakika?” Kabedi aliuliza.

“Minye nimelala na ule mukono miaka kumi na moja.”

Kufika Ijumaa kila mmoja wa wale kumi na wanne alikuwa amepata mwenyewe. Yule mfupi mwenye haraka alitambuliwa na dada yake aliyeitwa Mimi, akasema hata ubatizoni alifika kabla ya padri. Tangu hapo wanawake walikuja kila siku baada ya soko, wakaketi kwenye mkeka, wakaongea habari za bei ya unga na homa za watoto. Hawakulia, kwa sababu matanga yalikuwa hayajafunguliwa. Lakini kule kwenda na kurudi kwa watu wa kwenye kioo kuliwachosha. Rosalie alisema kwamba miguu inamuuma yeye. Mwingine alianza kuamka alfajiri na kuzunguka nyumba yake bila sababu.

“Banatafuta njia,” Numbi alimwambia Kabedi. “Weye unajua kuandika. Baandikie mulango.”

Kabedi aliandika mlango. Ulikuwa mstari wa kumi na tisa wa programu, nao ulichora ukuta mwembamba upande wa kulia wenye uwazi unaomtosha mtu mmoja na gunia lake. Saa kumi alasiri Magloire aliufikia. Aliweka gunia chini, akasimama. Wa pili akasimama nyuma yake, kisha wa tatu, mpaka wote wakawa wamejipanga. Hakuna aliyepita.

“Mulango iko wazi,” Rosalie alisema. “Juu ya nini habatoke?”

Numbi alikuwa ameuza viazi vitamu kwenye geti la machimbo kwa miaka minane, hivyo alijua. “Banangojea jina. Ku geti hakuna mwenye anatoka mupaka jina yake iitwe mu buku. Ukitoka bila kuitwa, kesho habakuachie uingie.”

Asubuhi iliyofuata Kabedi alikiweka kioo ndani ya kikapu, akakifunika kwa kitenge, akaenda kwenye ofisi ya kooperativa. Katibu, Augustin, alimpa kiti. Kabedi hakukaa. Augustin alitazama wale watu waliojipanga kwa makini, akainama hata pua yake ikakaribia kugusa kioo.

“Ni kazi nzuri sana, Madame. Inakula courant ya umeme kiasi gani?”

“Haikule kitu.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo. Nilikuya kuomba mufungue buku, muandike majina yao kumi na ine, kisha mubaite. Basi.”

Augustin alifungua daftari kwenye ukurasa wa Machi, akaligeuza ili Kabedi aweze kusoma. Ukurasa ulikuwa mweupe na safi. “Angalia mwenyewe,” alisema kwa upole. “Mwenye hakuingia, atatoka namna gani?”

“Andika basi kwamba baliingia.”

“Shimo ilikuwa imefungwa, Madame. Nikiandika vile, nitaweka uongo mu buku.” Alimsindikiza mpaka mlangoni, akamuuliza kama anaweza kutengeneza mashine ya namna ile kwa ajili ya taa za ofisi.

Jioni ile Kabedi aliandika majina mwenyewe, moja moja, huku wanawake wakimtajia. Jina lilipoingia, mwenye jina aliinua kichwa. Magloire aliinua chake, akageuka kidogo kuelekea upande wa chumba ambako Numbi alikuwa amesimama, kisha akakiinamisha. Kumi na wanne wote walifanya hivyo. Hakuna aliyesogea.

“Baliitika,” Numbi alisema. “Lakini si weye mwenye buku.”

Mwishoni mwa Desemba Jenny, mmoja wa wale sita wa Lubumbashi, alikuja kuandaa maonyesho ya kazi zinazotumia umeme kidogo, katika ukumbi wa parokia. Aliwaomba wanawake ruhusa ya kukiweka kioo mezani karibu na dirisha. Walikubali, mradi mmoja wao awe karibu nacho wakati wote. Siku ya maonyesho umeme wa mji ulikatika saa nne, na kufika saa nane mawingu yalifunika jua. Kazi nyingine zilizimika moja baada ya nyingine: ua lililofunguka kwa sauti ya mtu, ndege wa Jenny aliyechorwa kwa mistari mitatu. Wakabaki watu wa Kabedi. Wageni walikusanyika mbele yao, wakasifu utulivu wao, wakapiga picha.

Kooperativa ilikuwa imetoa kreti kumi za soda, kwa hiyo ilimtuma Augustin. Alipita kila meza, chupa mkononi, tai shingoni. Alipofika dirishani alisema, “Bonjour, Samy,” kama mtu anavyomsalimia mwenzake wa kila asubuhi.

Nukta ya kiganja cha Samy ilipanda.

Rosalie alikuwa amesimama pale pale. “Unamujua bwana yangu?”

Augustin alimtazama Rosalie, kisha kioo, kisha chupa yake. “Simujui,” alisema. Alimaliza soda akiwa amesimama, akaweka chupa tupu mezani, akaondoka. Mkono wa Samy ulibaki juu kitambo, kisha ukashuka.

Jumatatu wanawake kumi na wanane walikwenda ofisini na neno lile. Walisimama kwenye jua mpaka saa saba. Wiki iliyofuata waliletewa barua yenye mihuri miwili, iliyoeleza kwamba salamu si ushahidi wa mtu kuingia kazini, na kwamba kooperativa inawatakia mwaka mpya wa baraka. Kabedi aliisoma kwa sauti mara moja. Hakuna aliyeomba irudiwe. Rosalie aliikunja akaiweka ndani ya Biblia yake, kwa sababu ilikuwa karatasi pekee waliyowahi kupewa.

Januari kooperativa ilifungua shimo jingine, hatua thelathini kutoka lile la kwanza, na vijana wengi wa mtaa wakapata kazi. Wanawake waliendelea kuja baada ya soko. Waliwaambia waume na ndugu zao nani ameolewa, nani amefaulu mtihani, nyumba ya nani imeezuliwa na upepo.

Alhamisi ya pili ya mwezi, saa tisa mchana, walikuwa kwenye mkeka wakichambua mchicha pale Mimi alipoacha kuongea. Kwenye kioo, upande wa kushoto, alikuwa ameingia mtu wa kumi na tano. Hakuwa na gunia. Alitembea polepole, kama mgeni asiyejua aulize kwa nani, akafika mwisho wa mstari, akasimama nyuma ya Samy.

Wote walisogea karibu. Rosalie alitikisa kichwa. Mimi alisema magoti yale yanafanana na ya shemeji yake, kisha akasema hapana. Kabedi alifungua redio atafute habari za shimo jipya. Redio ilikuwa inapiga muziki.

“Alitembea hatua kidogo sana,” Numbi alisema. “Kwa hatua kidogo vile hauwezi kumujua muntu.”

Wakaacha mchicha kwenye beseni. Hakuna aliyeaga. Walitoka wakitembea, na walipofika barabarani wakaanza kukimbia, kila mmoja kwenda kwake, kuangalia nani yuko nyumbani.