Salamu za Wafuga Nyuki

Wafuga nyuki wa Ipuli na Ulyankulu walikuwa na chumba mtandaoni, na chumba chenyewe cha kupanga. Ndivyo Yustina, katibu wao, alivyomweleza mama yake, Pelagia: kuna kompyuta kubwa ya kampuni, iko mbali, wapangaji ndani yake ni mamia, kila mmoja na kijinafasi chake. Chao kilitunza orodha ya kila mzinga, mwenye nao, na pori ulikotundikwa. Mnunuzi hachukui asali ambayo mzinga wake haukuandikwa kabla ya kurinwa. Na mnunuzi alikuwa anakuja Ijumaa.

Jumatatu chumba kikajaa.

"Kimejaa nini?" Pelagia aliuliza. Alikuwa anachambua maharage.

"Salamu, mama."

Ilikuwa kweli. Tovuti ilikuwa na mahali pa kutuma habari za mizinga. Lakini mtu mzima wa Tabora haingii kwa mwenzake akasema mzinga. Anauliza watoto, anauliza mvua, anaeleza yuko wapi na ametokea wapi, anaweka na picha ya mjukuu aliyepata kipaimara. Kisha anaaga. Mzee Wilbroad peke yake alikuwa na salamu mia mbili na themanini, zote zikianza na "Marahaba, binti," maana alijua Yustina ameshamwamkia.

"Nazifuta," Yustina alisema.

"Ufute marahaba ya mzee? Umelelewa wapi wewe?"

"Hapa hapa, mama."

"Basi tafuta kingine cha kutoa."

Kulikuwa na nakala za orodha. Kila Jumapili Yustina alinakili, akaweka mle mle chumbani, kama mtu anayefunga nyumba na kuacha ufunguo wa akiba ndani.

"Orodha moja, nakala ishirini, za nini?" Pelagia alisema. "Toa hizo."

Yustina akazitoa.

Jumanne orodha ikakataa kufunguka. Chumba kilipojaa, ilikuwa katikati ya kuandikwa, ikaharibika. Wakampigia fundi wa kampuni.

"Rudisha nakala, dada."

"Nimezifuta."

"Zote?"

"Zote."

"Pole," fundi alisema, kwa upole kabisa, akakata simu.

Zilibaki salamu. Siku tatu mama akasoma, mwana akaandika, maharage yakaota kwenye ungo. Ikaonekana wazee hawakuwa wakipiga porojo. "Marahaba, binti. Niko ng'ambo ya mto na mizinga yangu kumi na miwili, wa kumi na tatu kaupasua nyegere." Tarehe ilikuwapo, jina lilikuwapo, pori lilikuwapo. Mizinga ikarudi orodhani mmoja mmoja.

Alhamisi alibaki mtu mmoja, Eustace, mdogo wake Pelagia. Huyu alikaa Dar miaka miwili. Salamu yake ilikuwa moja, ya mwezi wa tatu. Ilisema: "Mambo."

Ijumaa mnunuzi alichukua asali ya wote. Eustace akabaki uani na ndoo kumi na nane.

"Dada, mizinga yangu si niliijaza yote kwenye orodha?"

"Uliijaza."

"Sasa?"

"Nakala nilizitoa mimi. Mtoto nilimwamuru."

Eustace akaziangalia ndoo. "Na salamu yangu je?"

"Uliandika mambo."

"Si salamu hiyo?"

"Ni salamu," Pelagia alisema. "Haina mzinga."

Pelagia alizichukua yeye, na ndoo zimo chumbani kwake hadi leo. Kufika kitandani lazima azipande. Picha za wajukuu zimehamishwa kutoka chumba cha mtandaoni. Nakala moja Yustina anaiweka kwenye simu yake, nyingine anaipeleka kwa Zeenat wa duka la vitabu, kwenye kompyuta ya dukani, na kila Jumapili Pelagia anamuuliza kama amekwenda, hata akiwa amemwona akirudi. Mwenye chumba cha kupanga asiweke akiba yake humo humo. Na mwenye mtoto asimwamuru kazi asiyoijua mwenyewe.

Juzi Eustace ametuma ujumbe. Unaanza na shikamoo, unauliza maharage, unataja mizinga mmoja mmoja na mti wake. Ni mrefu mno. Pelagia amekataza usiguswe.