Nguzo ya Watu Kumi na Tisa

Saa kumi na mbili jioni karakana ya uchongaji ya Kiwalani ilikuwa bado inafuka joto chini ya mabati. Sesilia aliinua simu ili mafundi wote waone. Upande wa pili, katika chumba cha hoteli mjini Helsinki, shemeji yake Cyprian alikuwa amekaa kitandani na suruali mbili mwilini na shuka shingoni. Sanduku lenye koti lake lilikuwa limebaki kwenye uwanja alikobadilishia ndege.

"Mie nimetembea na shati, shemeji. Nje baridi ya nyuzi kasoro ishirini. Pua siisikii kabisa."

"Pua utapata nyingine," alisema Gregori, fundi mkubwa, bila kuacha kupiga msasa. "Nguzo iko wapi?"

Nguzo ndiyo iliyompeleka. Ilikuwa ya mpingo, urefu wa mkono wa mtu mzima, watu kumi na tisa wakibebana, wote wametoka kwenye gogo moja. Cyprian alikuwa ameipakata safari nzima. Kesho saa nne za huko angemwonyesha mama mmoja anayepamba hoteli. Akiridhika nayo angeagiza arobaini, kazi ya miaka miwili kwa mafundi tisa. Asiporidhika, karakana ingefungwa mwisho wa mwezi, kwa sababu agizo jingine halikuwapo.

"Sikilizeni," Cyprian alisema, akaisogeza simu karibu na nguzo.

Tak, mti ulilia.

Ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umeanza kwenye bega la mwanamke wa chini. Chuma cha kupasha joto kilikuwa ukutani, nyuma yake, na hakikuwa na swichi.

Sesilia alikuwa mtu wa kujibu kwa uhakika. Kabla ya kuwa katibu wa kikundi cha mafundi hao alifundisha kemia sekondari miaka sita, na mafundi hawakuzoea kumuuliza mara mbili. Hapo Kiwalani mti ukianza kulia unafungwa gunia lililolowa na kuwekwa panapopoa. Hakuna fundi asiyejua hilo.

"Lowesha taulo, uifunge yote," alisema. "Kisha iweke kwenye kibaraza. Joto ndilo linaloiua."

"Nje, shemeji?"

"Nje, ndiyo. Si ndiko kunakopoa?"

"Kama tunavyofanyaga," Gregori aliunga mkono, na wengine wakaitikia.

Asubuhi, saa mbili na nusu, simu iliita kabla Sesilia hajafungua mlango wa karakana. Cyprian hakusalimia.

"Taulo limekuwa kama bati, shemeji. Limeshikana na mti. Nimelimwagia maji ya moto mpaka likaachia."

"Nionyeshe."

Ufa ulikuwa umepita katikati ya nguzo, kutoka kichwa cha mtu wa juu hadi kitako. Ukucha wa Cyprian ulizama ndani yake.

Maji yakiganda hutanuka. Sesilia alikuwa amewafundisha hivyo watoto wa kidato cha kwanza miaka sita mfululizo, akiwachorea ubaoni chupa iliyopasuka. Jana, huku akiambiwa kasoro ishirini, aliwaza gunia na kivuli cha Kiwalani tu.

"Ana gundi mfukoni," Gregori alisema, kichwa chake kikiwa juu ya bega la Sesilia. "Cyprian! Kwangua unga wa mti chini ya kitako, uchanganye na gundi, uzibe. Paka rangi ya viatu juu. Nyufa ngapi tumeziba hivyo, wateja wakaondoka wanacheka?"

"Nizibe, shemeji?" Cyprian aliuliza. Meno yalikuwa yanagongana. "Nina saa mbili na nusu. Sema tu. Niambie nizibe."

Sesilia alilifikiria kwa namna aliyoizoea. Mti ulikatwa Lindi miezi mitatu iliyopita. Ndani ulikuwa bado mbichi. Ukumbi wa hoteli ungekuwa na chuma kile kile ukutani. Gundi ingeshika wiki moja, pengine mbili. Kisha zingefika arobaini, nazo zingelia zote.

"Usizibe," alisema. "Mwonyeshe ufa. Mwambie mti haujakauka, atupe mwaka mmoja tuukaushe."

"Shemeji, nakuomba. Kwa Mungu nakuomba."

"Cyprian."

"Atanifukuza!"

"Sesilia, unatuua," Gregori alisema kwa sauti ya chini. "Wewe una cheti chako cha ualimu. Sie tuna nini?"

Sesilia aliisogeza simu karibu na mdomo. Alirudia tu: asizibe.

Saa tano na dakika kumi na saba ujumbe wa sauti wa Cyprian uliingia. Yule mama alikuwa amepitisha kidole kwenye ufa, akapiga picha, akamshukuru kwa kusema kweli. Mwaka mmoja hakuwa nao. Hoteli inafunguliwa mwezi wa sita, na nguzo za kwanza zinatakiwa siku hiyo; angetafuta kwingine. Alimpa Cyprian kahawa.

Mafundi walikuwa wamesimamisha kazi. Sesilia alisimama mbele yao.

"Kuiweka nje nilisema mimi," alisema. "Si Cyprian."

"Tulisema sote," Gregori alijibu. Alikuwa ameshaanza kuzifunga patasi zake kwenye kitambaa, moja moja, bila kumtazama. "Bunju kuna mtu anajenga ghorofa. Anatafuta wa kubeba zege."

Fundi wa pembeni akamuuliza kama huko wanahitaji wawili.