Keki za Kuombea Radhi

Laiti Tokie angejua, siku ile angeteguka mguu kabla hajafika kwa watu.

Binti yake Chinami alitimiza miaka kumi na minne hana rafiki hata wa dawa. Daktari alisema ubongo wake una njia zake. Wanafunzi wenzake nao wakasema yao. Ndipo akatokea Rikako, msichana mwenye mdomo huyo, usiombe! Kila Jumamosi wakawa wanazunguka mji wa Kanazawa kupiga picha mifuniko ya chemba za majitaka, ile yenye michoro ya rangi. Chinami akianza kueleza mfuniko mmoja, hamalizi leo. Rikako anamkatiza: "We nawe! Funga bakuli, zamu yangu." Na Chinami anafunga, anasikiliza, anacheka mpaka machozi.

Tokie aliyasikia hayo dirishani, roho ikamruka. Kwa hiyo mtoto wa watu anachoshwa! Na kwao, ukimsumbua mtu ukakaa kimya, huna adabu. Akanunua keki za maharage, boksi zuri lililofungwa kwa karatasi, akaenda kwa kina Rikako.

"Mama Rikako, tuwie radhi," akainama mpaka kiuno kikalia. "Chinami ana hali yake. Anamsumbua mno binti yako. Naomba mmvumilie."

"Anamsumbua?" Mama Rikako alishangaa. "Mbona huyu wangu ndiye anayehesabu siku Jumamosi ifike?"

Lakini boksi lilishapokelewa, na Rikako alikuwa amesimama pale pale ukumbini, kasikia yote.

Jumamosi iliyofuata akaja na adabu tele. Chinami alieleza mfuniko mmoja nusu saa nzima, Rikako akawa anaitikia tu, "Ehee. Vizuri sana." Hakumkatiza hata mara moja. Wiki ya pili vivyo hivyo. Ya tatu, Chinami akagoma kutoka chumbani.

"Mwenzio yuko mlangoni, mwanangu."

"Mwambie aende."

"Kakukosea nini? Mbona siku hizi mpole kabisa?"

"Ndiyo hivyo. Siku hizi ananisikiliza kama unavyonisikiliza wewe."

Majuto ni mjukuu, wanasema, ila ya Tokie hayakungoja hata mwezi. Rafiki mmoja tu mtoto alimpata, tena bila msaada wa mtu, na yeye mama mtu ndiye aliyekwenda kumharibu. Akashuka ngazi mbio kumwambia Rikako apande juu, amfokee, amwambie afunge bakuli kama zamani.

Rikako alishainamisha kichwa.

"Haidhuru, mama. Najua ana hali yake. Nitavumilia."

Maneno yake mwenyewe hayo, moja baada ya jingine. Tokie akafungua mdomo kuyakana. Kiuno kikatangulia, kikainama kama kilivyozoea, na akajisikia akisema, "Tuwie radhi, mwanangu. Tunakusumbua."