Rozari Zilizoota Majani

Siku ya kwanza ya mwezi wa Rozari, saa kumi na moja jioni, mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Gaspar Nahak, aliweka sinia la bati juu ya meza ya sebuleni kwake. Ndani ya sinia mlikuwa na rozari ishirini na mbili za mti, mpya kabisa, na harufu yake ilikuwa imeshafika barabarani. Alieleza kwamba mfadhili mmoja wa mjini Kupang, asiyependa kutajwa, amezitoa ili Oktoba isaliwe kwa heshima. Watu wakapiga makofi, kisha wakaanza kuchagua.

Wengi waliokota ile iliyokuwa karibu na mkono. Mama Dominika Abuk hakufanya hivyo. Marehemu mumewe, Lorens, alikereza rozari maisha yake yote, naye Mama Abuk alikuwa ameketi kando ya mashine yake ya kukerezea miaka ya kutosha. Alishika rozari moja kwa msalaba, akaiacha ining'inie ili aone kama matundu yametobolewa katikati. Akabiringisha punje moja kati ya vidole viwili, akitafuta mikwaruzo. Kisha akachomoa pini kwenye kitambaa chake cha kichwa, akaipenyeza kwenye tundu la punje, akainusa. Sokoni hupaka mafuta ya sandali juu ya mti wowote ule, lakini mafuta hayafiki ndani. Pini ilinukia mpaka nchani.

"Dada, hiyo ni rozari, si samaki," alisema jirani yake, Rofina. Watu wakacheka.

"Samaki ana nafuu. Samaki najua katoka baharini."

Mzee Nahak hakucheka. Alimwambia achague upesi, watu wana jiko linawasubiri.

Mwezi wa sita wa mwaka huohuo Mama Abuk alikuwa amekwenda mji wa Kefamenanu kumzika dada yake, akakaa siku tisa za maombolezo. Aliporudi, msandali uliokuwa nyuma ya nyumba yake haukuwapo. Kisiki kilikuwa kimefunikwa udongo, na juu ya udongo pamefagiliwa vizuri. Lorens aliupanda enzi ambazo serikali ilihesabu kila msandali kuwa wake, hata ulioota mlangoni pa jiko lako, na watu wakawa wanang'oa miche kukwepa balaa. Yeye aliuzungushia ua wa mianzi, na kwa miaka ishirini na minane akamwambia kila aliyeuliza kwamba huo ni mti wa kuni. Kijiji kizima kiliujua, na upande huu wa mto haukuwapo mwingine.

Hakuna aliyesikia msumeno. Nyumba za pale zimebanana kiasi kwamba Rofina akipiga chafya, Mama Abuk humwambia pole bila kuinuka kitini, lakini msumeno wa mashine haukusikika. "Labda redio yangu ilikuwa juu," Rofina alisema. Redio yake ilikuwa mbovu tangu Pasaka.

Mama Abuk hakudai mti. Mti ukishalala haurudi kusimama. Alichotaka ni kijaluba. Kwao, aliyekukosea huja nyumbani kwako na kijaluba cha tambuu, anakifungua mbele yako, mnatafuna pamoja, yamekwisha. Tangu mwezi wa sita alikuwa akifagia baraza kila asubuhi na kuweka kiti cha mgeni. Alimtazama kila apitaye njiani, mikononi kwanza, usoni baadaye.

Siku ya tatu ya Oktoba sala ilikuwa kwa Rofina. Walipofika tendo la pili la uchungu, rozari ya Rofina ilitoa jani. Alilichuma, akaendelea na Salamu Maria. Hadi kufika tendo la tano rozari zote zilikuwa zimeota majani, isipokuwa ya Mama Abuk, na ilibidi watu wayasogeze kwa kidole gumba ili wapate punje.

Kesho yake fundi Yosef Klau, aliyejifunza ukerezaji kwa Lorens na sasa ndiye mkerezaji pekee kijijini, aliombwa aeleze namna ya kuzitunza. Alisema zisiwekwe karibu na moto, zisilowe, zifutwe kwa kitambaa kikavu na kupakwa tone la mafuta ya nazi kila mwezi. Machipukizi yapogolewe asubuhi kwa mkasi wa kucha, tena yakatwe chini kabisa. "Ukikata juu, yanatoka mawili."

"Umejuaje, mwanangu?" Mama Abuk aliuliza.

"Mzee Lorens alinifundisha, mama. Mti huu tabia yake ndiyo hiyo."

"Mti upi?"

Klau alikumbuka kwamba ameacha mashine inazunguka, akaaga.

Wiki ya pili machipukizi yalianza kulala upande mmoja. Kwa Mzee Nahak yalielekea jikoni, kwa Klau yalielekea kitandani, kwa Rofina yalielekea ukuta uliopakana na Mama Abuk. Sala ilipofika zamu ya Mama Abuk mwenyewe, yote yalielekea dirisha la nyuma, na kwa nguvu, hata rozari ya Rofina ikamponyoka mkononi ikatoka nje. Waliikuta juu ya ule udongo uliofagiliwa. Rofina aliipangusa, akarudi kupiga magoti.

"Ni unyevu," Mzee Nahak alisema. "Mti hufuata unyevu."

"Mwezi huu hata tone halijadondoka," Mama Abuk alimjibu.

"Ndiyo maana mti unautafuta."

Mama Abuk aliwatazama mmoja mmoja, wanajumuiya ishirini na mmoja waliofumba macho kuliko sala inavyodai, akafahamu kwamba swali lake halikuwa tena nani anajua, maana walijua wote. Kilichomuuma ni kwamba jioni hiyo alikuwa amewapikia uji wa mahindi watu wale wote.

Jumapili iliyofuata padri alihubiri kwamba mti mkavu unaotoa majani ni ishara ya imani iliyo hai. Baada ya misa watu wa jumuiya nyingine walikuja kuziangalia rozari, na wakaiangalia pia ya Mama Abuk, ambayo ilikuwa na upara, imetulia kiganjani mwake kama kuku aliyefika bandani. Minong'ono ikaanza. Wengine walisema ana kinyongo, na kinyongo hukausha sala.

"Jaribu kusamehe, dada," Rofina alimshauri. "Huenda na yako ikachipua."

"Nimsamehe nani?"

Rofina aliona vumbi kwenye sketi yake, akalipangusa kwa muda mrefu.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, asubuhi, Mama Abuk aliwaona watatu wanakuja: Mzee Nahak mbele, Klau na Rofina nyuma, rozari shingoni. Mzee Nahak alikuwa amebeba kijaluba kwa mikono miwili. Mama Abuk alikuwa amewashuku mpaka amechoka, na sasa furaha ilimpanda ghafla, akaona hata uso wa Nahak ni uso wa mtu mwema. Akakimbilia ndani kutafuta viti zaidi.

Kijaluba kilifunguliwa. Tambuu lilikuwa bichi, popoo zimekatwa vizuri, chokaa nyeupe. Desturi ni kutafuna kwanza, maneno baadaye, na aliyetafuna hawezi tena kukataa neno litakalosemwa. Mama Abuk alitafuna huku machozi yanamtoka, na Rofina akampapasa mgongoni.

"Mama," Mzee Nahak alianza, "askofu anakuja mwezi wa kwanza. Padri anataka tumpe rozari kama hizi. Na jumuiya nyingine nazo zinaomba. Ila mti umetuishia."

Mama Abuk aliacha kutafuna.

"Tumeleta tambuu kuomba kisiki. Klau anasema mizizi ndiyo yenye harufu zaidi."

"Mti gani umewaishia?"

"Ule wa mfadhili."

"Na mfadhili ni nani?"

"Hapendi kutajwa, mama."

Wakati wanazungumza, rozari zilikuwa zimenyanyuka vifuani mwao na kunyoosha majani kuelekea nyuma ya nyumba, na ya Mzee Nahak ilianza kumkaba. Alitoa mkasi wa kucha, akapogoa machipukizi yake moja baada ya jingine, chini kabisa, akayatia mfukoni ili asichafue baraza. Kisha akauliza kama wanaweza kuazima jembe, au warudi wakalete la kwao.

Mama Abuk alitema mate mekundu nje ya baraza.

"Jembe lipo," alisema. "Liko palepale mlipoliacha mwezi wa sita."

Mzee Nahak alimshukuru. Klau aliinuka, akazunguka banda la nguruwe, akarudi nalo begani. Hakuuliza ni wapi.