Marehemu Hadi Aprili

Jimbo lilipotuunganisha sisi watu wa Zoria na watu wa Birkidal tukawa wilaya moja, jambo la kwanza kugombaniwa halikuwa ofisi. Lilikuwa theluji ya wajane.

Kwetu Zoria, ambako babu zetu walihamia kutoka Ukraine, greda ya barabara ikifika kwa mjane huingia, husafisha njia yake mpaka mlangoni, kisha hutoka na kuendelea. Hakuna anayekumbuka nani alianza. Birkidal, ambako babu zao walihamia kutoka Iceland, greda haikuingia kwa mtu yeyote. Mjane wa huko aliomba trekta la jirani, au alikaa ndani akisoma vitabu mpaka theluji iyeyuke. Walikuwa na vitabu vingi.

Steve, dereva wa greda wa Zoria, alisafisha njia ya mama yangu Nastia kila majira ya baridi. Njia yetu ni ndefu na inakatiza shamba tupu. Upepo ukivuma usiku, asubuhi huioni. Na mama ilikuwa lazima atoke, kwa sababu figo zake zilikuwa zimeacha kazi, na mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali ya mjini kusafishwa damu kwa mashine. Akikosa siku moja, miguu huvimba. Tulimuuliza daktari akikosa mbili itakuwaje, akasema tusikose mbili.

Tatizo ni kwamba mama hakuwa mjane. Baba yangu, Wasyl, alikwenda Alberta, mbali magharibi, kwenye visima vya mafuta nikiwa mdogo, akasema atarudi wakati wa kupanda. Hakusema kupanda kwa mwaka gani. Zoria nzima ilijua, na Steve alijua. Alikuja tu na greda yake kama mtu asiyejua, mama akampa mtungi wa matango ya siki, basi.

Mimi ndiye niliyepika kahawa kwenye vikao vya baraza. Ni kazi inayonifaa, haitaki maneno.

Baraza jipya lilikuwa na madiwani watatu kutoka kila upande. Mwenyekiti alikuwa Mundi, mfuga ng'ombe wa Birkidal aliyeoa Zoria. Alichaguliwa kwa sababu pande zote mbili zilimwonea huruma. Kwenye kikao cha Oktoba walikubaliana kwamba greda iingie kwa wajane wa wilaya nzima. Watu wa Birkidal hawakutaka wajane wao waonekane wanyonge kuliko wetu. Wakaanza kuwataja majina, na la mama likiwemo. Mama alikuwa amekaa viti vya nyuma akifuma soksi, Steve pembeni yake.

"Nina swali dogo," alisema Bibi Lauga, diwani wa Birkidal, mwalimu mstaafu.

Madiwani wa Zoria wakaweka vikombe chini, maana walikuwa wameshajifunza ukubwa wa maswali yake madogo.

"Nastia ni mjane wa nani?"

"Wa Wasyl," alisema Metro Prokopchuk, diwani wetu.

"Wasyl alimtumia kaka yangu kadi ya Krismasi."

"Krismasi ipi?"

"Iliyopita."

Metro akafikiri. "Kadi huchelewa njiani, mwalimu. Mtu anaweza kufa nyuma yake."

"Kuna picha yake ndani, Metro. Kashika samaki."

"Mkubwa?" aliuliza Steve, kisha akajutia.

Sisi hatukupata kadi. Nilimtazama mama. Alikuwa anahesabu vitanzi vya soksi.

Mundi akasema huenda wangeongeza neno, waseme wajane na wagonjwa. Diwani mmoja akasema hapo greda haitamaliza njia za watu mpaka Juni, kwa kuwa yeye mwenyewe mgongo unamuuma tangu azaliwe. Wengine nao wakaanza kutaja migongo yao. Mundi akagonga meza.

"Basi tuandike wajane na wanawake walioachwa," alisema Bibi Lauga. Alisema kwa upole, nadhani alitaka kusaidia.

Mama akaweka soksi mapajani. "Neno hilo msiliandike."

"Nastia, mwenzangu, ni kwa ajili ya njia yako."

"Nimesikia. Muhtasari wenu unabandikwa dukani, karibu na mizani ya nyama. Mkiniandika mjane, nitaitika. Mkiniandika nimeachwa, nitakaa nyumbani nivimbe."

Alisema kama mtu anayetaja bei ya mayai. Kila mtu alijua kuwa atavimba kweli. Mimi nilikuwa nimeshika birika, na sikuwa na mahali pa kuliweka.

Metro akasimama, akafunga kifungo cha koti. "Natoa hoja. Kwa mambo ya theluji tu, Wasyl ahesabiwe marehemu."

"Huwezi kumuua mtu kwa azimio," alisema Bibi Lauga.

"Simuui. Namhesabu."

"Na yeye mwenyewe akisikia?"

"Atafurahi. Itakuwa mara yake ya kwanza kumfaa mkewe. Si wanasema kufa kufaana?"

Mundi akamuuliza karani kama kuna sheria inayokataza. Karani, mwanamke makini wa Birkidal, alifungua kitabu, akasoma, akafunga. Alisema sheria ya theluji haikutaja uhai.

Wakapiga kura. Zoria watatu ndiyo, Birkidal watatu hapana. Ikabaki kura ya mwenyekiti. Mundi alitazama dari, akatazama keki waliyoleta watu wa Birkidal, kisha akanitazama mimi.

"Binti, wewe ni mtoto wake. Baba yako yu hai au vipi?"

Ukumbi mzima ukageuka. Masikio yangu yalipata moto. "Kiangazi huwa anapiga simu," nikasema.

"Na majira ya baridi?"

"Hapana."

Mundi akaguna kama mtu aliyepewa uzito sahihi wa ndama. "Basi afe kuanzia mosi Novemba mpaka mwisho wa Machi. Mosi Aprili arudi. Hoja imepita. Tule."

Bibi Lauga aliomba iandikwe kwamba amepinga. Kisha akakata kipande kikubwa cha ile keki yao ya matabaka ya plamu, akampelekea mama, akampa pole.

Mambo yangeishia hapo, lakini karani alikuwa na desturi aliyokuja nayo kutoka Birkidal: kifo kikiingia kwenye muhtasari, yeye hushusha bendera ya ofisi nusu mlingoti. Mosi Novemba asubuhi akatoka amevaa makoti mawili, akaishusha. Watu wa Zoria walipoiona wakakimbilia dukani kusoma nani kafa. Na watu wa Zoria wakisoma jina la marehemu, hawasomi mistari inayofuata. Wanarudi nyumbani kuchemsha kabichi.

Kufika mchana jikoni kwetu kulikuwa na masufuria ya wali uliofungwa kwenye majani ya kabichi, mpaka mengine tukayaweka nje kwenye theluji. Watu wa Birkidal, kwa kutotaka kushindwa, wakaleta keki. Mzee anayeongoza nyimbo kanisani alikuja kumuuliza mama kuhusu ibada ya siku ya arobaini.

"Mjomba, amekufa kwa theluji tu," mama alimwambia.

"Maskini. Baridi kali?"

Mama akachukua kisu. "Kali," alisema, akamkatia keki.

Siku ile nilimwona mama akiketi mezani na wanawake wenzake, wamemshika mkono, akizungumza habari za baba kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Alisema alikuwa anacheza dansi vizuri na anakoroma vibaya. Njia ilisafishwa kila upepo ulipovuma, na mama hakukosa hospitali hata siku moja.

Baba alisikia kwa kaka yake Bibi Lauga, aliyempigia simu kumuuliza kama ni kweli. Akaja Januari, siku ya baraza, nikiwa nagawa kahawa. Alikuwa amepungua nywele. Alisimama katikati ya ukumbi na kofia mkononi, akatafuta mtu wa kumkasirikia.

"Nimekuja kusema mimi ni mzima," alisema.

"Karibu, Wasyl," alisema Mundi. "Keti. Hilo halimo kwenye ajenda, lakini litaingia kwenye mengineyo."

Akakaa kungoja. Mengineyo yalipofika, Mundi alimweleza vizuri. Baraza lingeweza kumfuta kwenye vifo siku hiyo hiyo, karani alikuwa na kalamu. Ila akifutwa, mkewe si mjane, na kuanzia kesho greda haiingii kwake.

"Inaingia kufanya nini?" baba aliuliza.

Ilibidi aseme mtu, na Steve ndiye aliyesema, kutoka viti vya nyuma. Alimweleza habari za figo, za mashine, na za miguu. Baba hakujua. Mama hakuwahi kumwambia kwenye simu za kiangazi. Aliona kwamba anayetaka habari huja kuzifuata.

Baba aligeuka kumtafuta mama, akamwona kwenye kiti chake na soksi yake. "Nastia, ningekuja."

"Ulisema wakati wa kupanda," mama alisema.

Baba akazungusha kofia mara kadhaa. "Tuseme nimebaki," alimwambia Mundi, "nisafishe mwenyewe kwa koleo."

"Njia ile?" Steve aliuliza. "Kwa koleo? Hospitali utamfikisha Pasaka."

Baba akatazama dirishani. Theluji ilikuwa inatembea barabarani kama moshi. "Basi niacheni hivyo hivyo," alisema. "Mpaka Aprili."

"Iandikwe kwamba marehemu ameridhia," alisema Bibi Lauga, na safari hii hakupinga.

Hakurudi Alberta. Kwetu hakuweza kulala, kwa sababu mwanamke anayelala nyumba moja na mumewe si mjane hata kwa theluji, na Bibi Lauga alikuwa na macho. Akapanga chumba juu ya duka. Asubuhi watu wakinunua mkate walimsalimu.

"Umeamkaje, marehemu?"

"Salama tu. Nyie?"

"Sisi bado tupo."

Siku za hospitali alikuwa anasimama kwenye geti letu, nje, kwenye barabara ya wilaya. Steve akimaliza kusafisha, baba alimngoja mama afike getini, akamfungulia mlango wa gari lake yeye. Mara ya kwanza mama alimpita kwa gari letu. Mara ya pili vilevile. Wiki iliyofuata gari letu halikuwaka, akapanda la baba, akakaa kiti cha nyuma. Mpaka Machi alikuwa amehamia kiti cha mbele. Walizungumza nini humo sijui. Mama aliniambia tu kwamba marehemu anaendesha polepole siku hizi.

Mosi Aprili theluji ilikuwa imeisha na njia yetu imekuwa tope jeusi, lile tope la kwetu linalovua watu viatu. Karani alipandisha bendera. Muda mfupi baadaye baba alitokea getini amevaa koti safi, ameshika maua ya dukani. Akavuka geti. Alifika kama nusu ya njia, mguu mmoja ukazama, akauvuta, ukatoka bila kiatu. Akasimama kwa mguu mmoja, maua yameinuliwa juu.

Mimi na mama tulikuwa dirishani.

"Nimpigie Steve?" niliuliza.

"Steve ana azimio la theluji. La matope hana." Mama akaondoka dirishani. Kisha akachukua koleo nyuma ya mlango, akanipa. "Mpelekee baba yako. Mwambie aanze hapo hapo aliposimama, aje upande huu."

Nikavaa viatu. Nilipogeuka kufunga mlango, mama alikuwa anatoa kabatini sahani ya tatu.