Sahihi ya Marehemu

Jumatano saa mbili na robo asubuhi, fundi aliweka faili lake juu ya kaunta namba tatu ya ofisi ya leseni, akangoja karani amalize kuchonga penseli. Faili lilikuwa na kila kitu isipokuwa sahihi moja. Kanuni mpya ilisema waziwazi: hakuna kugusa waya katika jengo la umma bila leseni, na hakuna leseni bila sahihi ya aliyekufundisha kazi.

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mmoja, na umeme aliushika tangu ana kumi na tisa. Muuguzi mkuu wa zahanati alikuwa amemwomba arekebishe nyaya za chumba cha kujifungulia, kwa sababu bomba la maji lilikuwa likiwapiga shoti wakunga.

"Mikono yako naiamini," muuguzi alimwambia, "ila nione karatasi kwanza. Na mimi nina wakubwa zangu."

Karani alipekua faili. "Aliyekufundisha nani?"

"Mjomba wangu. Ni marehemu, huu mwaka wa tatu."

"Basi mlete atie sahihi."

Hakusema kwa kejeli. Kanuni ilitaka mwalimu. Haikutaja kama awe hai.

Jioni ile fundi alikwenda makaburini akamweleza mjomba shida yake, akamwachia namba ya kaunta. Alhamisi asubuhi mjomba alikuja, shati limechomekewa vizuri, udongo kidogo kwenye visigino. Watu wa kwenye benchi walisogea akae. Alipotaka kupita mbele, mama mmoja alimzuia.

"Shikamoo mzee. Hapa hatuangalii nani katangulia kufa. Tunaangalia namba."

"Marahaba, mwanangu," mjomba akasema, akarudi kukaa.

Zamu yao ilifika saa tano. Karani alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole.

"Leseni yako, mzee, iliisha siku uliyofariki. Na hapa pameandikwa sababu ya kifo: uzembe wa fundi mwenyewe."

Mjomba alivuta daftari karibu, akasoma taratibu.

"Uzembe? Nilikuwa zahanati, nimekwenda kubadilisha taa. Nikafungua bomba ninawe mikono. Mkandarasi aliyejenga hakuweka waya wa ardhi hata mmoja wa kupeleka shoti chini, ukuta mzima. Mimi nimekufa kwa kunawa."

"Bomba gani?" akauliza fundi.

"La chumba cha kujifungulia."

Fundi aliweka kidole juu ya lile neno daftarini. Miaka mitatu alikuwa akiwaambia watu kwamba mjomba aliteleza, kwa sababu neno uzembe lilimshinda kutamka.

"Karani," akasema, "futa hilo neno."

"Sina mamlaka, dada. Hurekebishwa na mkaguzi aliyeandika ripoti."

"Yuko wapi?"

Karani alionyesha ukutani kwa penseli. Ndani ya fremu ya kioo palikuwa na leseni namba moja, na picha ya mwanamume mnene mwenye tai. Ndiye mkandarasi aliyejenga zahanati, na ndiye mkaguzi.

"Na ile kazi ya chumba cha kujifungulia msihangaike nayo," karani akaongeza kwa upole. "Kapewa yeye juzi. Ana karatasi zote."

Mjomba na mpwa wake walitazamana. Watu wa nyuma yao walianza kuguna.

"Mzee akihuisha leseni," karani akasema, "ataweza kukutilia sahihi, nawe utapata yako mwakani. Jaza fomu hii. Picha mbili, uso mbele, bila kofia."

Walivuka barabara hadi studio ya picha. Fundi alimfunga mjomba kifungo cha shingo, akampangusa udongo kwenye kola. Mpiga picha alimkalisha kwenye kigoda, akainama nyuma ya kamera, kisha akainua kichwa.

"Mzee, usicheke. Ni picha ya leseni."

"Sicheki, mwanangu," mjomba akasema. "Ndivyo umeme ulivyoniacha."

Mpiga picha aliitikia kwa kichwa, akasogeza taa kidogo, akapiga.