Upande wa Mowlid

Wiki ya tatu baada ya mazishi Alio alirudia jambo lilelile, na safari hii Mwalimu Mursal alikuwa anamtazama. Sala ya Alasiri ilikuwa imekwisha. Saruji ya uwanja wa shule, mtaani Galbet, Garissa, ilikuwa bado inatoa joto, na makorongo wamejipanga juu ya nguzo za taa kama wazee wa kamati. Alio, mfungaji wao mkubwa, kijana asiyejua kumpa mwenzake pasi kama kikapu anakiona, alikuwa anaushuka upande wa kushoto na mpira. Mbele yake hapakuwa na mtu. Hatua tatu kabla ya kufika akasita, akauvuta mpira nyuma, akazunguka kwenda kulia kwenye msongamano wa watu wanne, na huko akanyang'anywa.

Mursal akapuliza filimbi, akamuuliza kulikoni. Alio alijipangusa jasho kwa fulana, akaitazama ile saruji tupu.

"Pole, mwalimu. Nilidhani Mowlid ako hapo."

Hakuna aliyecheka, na vijana wale hucheka hata mbuzi akipiga chafya. Mursal aliwaambia waendelee. Lakini kwa dakika kadhaa hakuthubutu kuutazama upande ule.

Mowlid alikuwa amekufa, hilo halikuwa na shaka. Alikuwa utingo wa lori la maji. Mvua iliponyesha, lori liliteleza kwenye tope la njia ya Hulugho, likalala ubavu, na yeye alikuwa ubavu huohuo. Walimzika siku ileile huko huko kwao. Mursal hakwenda. Alisema barabara imekatika, na kweli ilikuwa imekatika, lakini hata ingekuwa ya lami mpaka kaburini asingekwenda. Maana ni yeye aliyemtoa Mowlid kwenye timu.

Jambo lenyewe lilianza na fomu. Mursal alikuwa mwalimu wa hesabu, na alipokabidhiwa timu ya mtaa ya mpira wa kikapu, ya wanafunzi na vijana waliomaliza shule, alikuta kila mzazi ana neno: fulani kachaguliwa kwa sababu ni wa ukoo wa kocha, fulani kaachwa kwa sababu si wa ukoo wa kocha. Garissa, ukichagua hata mtu wa kufunga geti utaulizwa babu yake ni nani. Akachora fomu yenye safu za pointi, mipira iliyodakwa, pasi za kufungisha na mipira iliyopokonywa. Akaibandika ukutani kila baada ya mechi na kuwaambia wazazi, "Namba hazina ukoo." Midomo ikafungwa. Alijivunia fomu ile kuliko shahada yake.

Mwezi wa nne ilibidi majina kumi yaende kwenye mashindano ya kanda. Mechi kumi na moja, Mowlid pointi tisa. Safu nyingine zake zilikuwa na vidoti tu. Na Mowlid, kwa bahati mbaya, alikuwa wa ukoo wa Mursal, mtoto wa watu wa karibu kabisa. Kumbakiza kijana wa pointi tisa mwenye jina lile kungekuwa kuichana fomu kwa mikono yake mwenyewe. Akalikata jina. Acha niseme wazi: hakulikata kwa namba tu, alilikata ili aonekane amelikata.

Mowlid alisimama mlangoni mwa ofisi, mrefu, mikono mpaka magotini. Akasema, "Sawa, mwalimu." Akaikunja jezi vizuri, akaiweka juu ya meza, akatoka. Kidato cha nne alikuwa amemaliza, mjini alikuwa anashikiliwa na timu tu. Baada ya wiki mbili alikuwa juu ya lori.

Kule kwenye mashindano walipigwa mechi zote tatu. Wapinzani walipita kushoto, alipokuwa akilinda Mowlid, kama watu wanaoingia kwao. Mursal alilaumu chakula, akalaumu marefa, akalaumu hata mpira wenyewe.

Habari ya kifo ilipokuja ndipo alipoanza kuzitazama upya video za mechi zile kumi na moja, zilizopigwa kwa simu kutoka kwenye benchi. Alikuwa anatafuta sura ya kijana. Hakuipata. Simu hufuata mpira, na mpira haukuwa unakwenda alipokuwa Mowlid. Labda utaona mkono mrefu ukiingia pembeni ya picha na kutoka, au kiatu. Kilichokuwamo ni sauti. Katika kila video, kutoka mahali pasipoonekana, sauti ileile ilikuwa inamwambia mwenzake aliye mbele, "Nenda, niko nyuma yako! Nenda, niko nyuma yako!"

Mtu akisikia hivyo kutoka kwa marehemu, akiwa peke yake ofisini saa nane ya mchana, milango yote wazi, ataizima simu. Mursal aliizima. Kisha akaiwasha tena, kwa sababu alikuwa mtu wa hesabu na alikuwa ameona kitu.

Alichukua karatasi nyeupe, akaanza kuhesabu yasiyotokea. Kila mara mchezaji wa upande wa pili alipoelekea kushoto, akasita, akarudi, aliweka kijistari. Kila mara mwenzake Mowlid aliposogea mbele na kumbana mtu bila woga kwa kuwa sauti imemwambia yuko nyuma, aliweka kijistari. Vijistari vikafika mia moja na sita. Mowlid alipokuwa ndani, wapinzani walipata pointi nane kwa robo moja ya mchezo. Akipumzishwa, kumi na tano. Hakuna mwingine katika timu, hata Alio mwenye pointi zake mia mbili, aliyebadilisha mambo kiasi hicho. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mimi nasema wahenga hawakuwahi kukaa na Mursal wiki zile tatu, maana Mowlid hakuwapo na lake lilikuwa limejaa uwanja mzima.

Jumatano, siku ya soko la mifugo, mama yake Mowlid alishuka mjini na lori la mbuzi kutoka Hulugho. Aliitwa Amino. Alifika uwanjani mazoezi yakiendelea, amejitanda shungi jeusi, mkononi ana galoni ndogo ya maziwa ya ngamia. Mursal alimpa kiti, yeye mwenyewe akakaa kwenye ukingo wa saruji. Walisalimiana Kisomali, wakaombeana rehema, akamuulizia mvua na malisho. Kisha mama akamsogezea galoni.

"Haya ni yako, mwalimu," alisema. "Mwanangu aliniambia ulimpa ruhusa. Alisema timu ilimhitaji, lakini wewe ulimwonea huruma mama yake, ukamwachia aje anisaidie. Nimekuja kukushukuru."

Kijana alikuwa amefukuzwa kama mbwa wa jikoni, akaenda kwao akamkinga mwalimu wake ili aibu isimfikie. Hakuna aliyemwomba. Na ingekuwa rahisi mno kunyamaza. Mama angeondoka na fahari yake, mwalimu angebaki na maziwa yake, na aliyejua ukweli alikuwa ardhini Hulugho.

Mama aliendelea. Yeye hakuwahi kumwona mwanawe akicheza. Aliambiwa kuna video. Alitaka kumwona mara moja tu, kisha arudi kwake.

Mursal akamwekea ya mechi ya tisa. Amino aliishika simu kwa mikono miwili, karibu na uso. Vijana wadogo wadogo walikimbia huku na huku. Baada ya muda akauliza, "Mbona hayumo?"

"Yumo, Hooyo," Mursal alijibu, akimwita mama kwa lugha yao. "Sikiliza."

Sauti ikatoka. Nenda, niko nyuma yako. Mama aliifunika simu kwa kiganja, akakaa hivyo. Mursal aliona akinyamaza sasa hatasema tena maisha yake yote.

"Sikumpa ruhusa," alisema. "Nilimtoa. Niliandika kwenye karatasi kila alichofanya kila mtu, na yeye karatasi yake ilikuwa tupu. Nikamwambia hafai. Hayo maziwa si yangu."

Alimweleza yote: fomu, ukoo, woga wake wa maneno ya watu, vijistari mia moja na sita vilivyokuja kuchelewa. Alipomaliza, mama aliirudisha galoni kwenye miguu yake mwenyewe, taratibu, na Mursal aliona hiyo ni haki.

"Sisi ngamia hatuwahesabu," alisema mama hatimaye. "Kuwahesabu ni kuwaitia mabaya. Jioni baba yake Mowlid alikuwa anasimama mlangoni mwa zizi, anawatazama wakiingia. Hakuwahi kutaja idadi. Lakini akikosekana mmoja, hata ndama, alikuwa anajua ni yupi kabla mlango haujafungwa. Wewe, mwalimu, ulihesabu. Hukumtazama."

Mursal naye alikuwa amezaliwa zizini, na babu yake alikuwa akisimama mlangoni vivyo hivyo. Shule ilikuwa imemsahaulisha. Alilia mbele ya wanafunzi wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na wao wakajifanya hawaoni.

Uwanjani mpira ulimfikia Alio. Akashuka nao kushoto, mbio, njia nyeupe mpaka kikapuni. Hatua tatu kabla ya kufika akapunguza mwendo, akainamisha bega, akazunguka mahali pale patupu kwa uangalifu, akapita mbali. Kijana aliyekuwa anamkaba naye alipinda vilevile. Saruji ya pale ilibaki wazi, na jua la magharibi limeienea.

Amino alikuwa ameinua uso. Aliutazama upande ule kwa muda mrefu, macho yakienda polepole, kama mtu aliyesimama mlangoni mwa zizi.

"Yule kijana anampisha nani?" aliuliza.

Mursal aliinua macho, akautazama upande ule.

"Anampisha mwanao, Hooyo."

Mama alitikisa kichwa kukubali. Aliirudisha simu bila kuitazama, akainuka, akakishika kiti, akakigeuza kielekee kushoto, akaketi vizuri.

"Basi waambie wacheze tena," alisema. "Sijashiba kumtazama."

Mursal akainuka, akapuliza filimbi.